Fundi Aliyepima Joto kwa Mkono

Fundi wetu wa Kibabi alikosea jambo moja tu kuhusu magari, na alilikosea miaka yote niliyomjua. Nalitaja mapema ili nisionekane namfichia siri. Kosa lenyewe lilimwangukia mtu mmoja kuliko wengine wote, dereva wa kamioneti ya viazi, na habari za huyo nitazifikia. Lakini nikianza naye mtamhukumu Fundi kabla hamjamjua, na mimi simruhusu mtu amhukumu Fundi kama hajawahi kusimama kwenye baridi ya Kibabi asubuhi, gari limekataa kuwaka, fromaji hamsini zimepangwa nyuma na wateja wa Walikale wanangoja.

Mimi ni mchuuzi. Napeleka fromaji, jibini za maziwa ya ng'ombe wa Masisi, chini kwenye msitu, na kule napakia mawese na ndizi narudi nazo milimani. Gari ni jeep ya zamani ya esansi, yaani petroli, kongwe kuliko mtoto wangu wa kwanza. Zamani mume wangu ndiye aliyeiendesha, mimi nikikaa pembeni kuhesabu mashimo ya njia. Mgongo ulipomshinda nikashika usukani mwenyewe. Watu walicheka wiki mbili, kisha wakaanza kuniomba lifti. Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Fundi. Aliniita Mama Fromaji tangu siku ile, na hakuwahi kunipa jina lingine.

Karakana yake ilikuwa mabati manne juu ya miti sita, pembeni ya njia inayopanda kwenda parokia. Hakuwa na mashine ya kupimia chochote. Alikuwa na mikono. Ukimletea gari linalochemka, hakufungua kitu. Aliwasha injini, akaweka mkono wa kulia kwenye bomba la juu la radiateri na wa kushoto kwenye bomba la chini, akafumba macho. Midomo ilikuwa inacheza kidogo. Wageni walidhani anasali, kumbe anahesabu. Alihesabu joto linachukua muda gani kutoka mkono mmoja kufika mkono mwingine, na kwa hesabu hiyo alikuambia kama maji yanazunguka, kama radiateri imeziba matope, kama pampu imechoka.

Ukilalamika kwamba gari linakula esansi kupita kiasi, alikutuma uendeshe mpaka darajani na kurudi. Ukirudi, alilizunguka gari akigusa magurudumu, moja baada ya lingine, kama mama anayegusa vipaji vya nyuso vya watoto wake. Gurudumu lililo moto kuliko wenzake lina breki inayoshika.

"Unaona?" aliniambia siku moja, mkono wake juu ya gurudumu langu la nyuma. "Weye unasukuma gari na muguu moja, na breki iko inaikamata. Esansi itafanya nini? Itakwisha tu."

Kisha alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akakishika mbele ya bomba la moshi na kumwambia mtu akanyage mafuta. Kitambaa kikirudi na masizi meusi, alikipeleka puani, akanusa, akakuonyesha kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha ya mapafu yake. Maana yake injini inapewa esansi nyingi kuliko inayoweza kuunguza. Mke wake alichoka kufua vile vitambaa. Mara moja alimfuata mpaka karakana na kumwambia mbele yetu, "Papa, hii gari zako zijinunulie mouchoir zao!" Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kilichompa jina kilikuwa chupa. Alichukua chupa ya lita moja, akaijaza esansi, akaifunga kwa waya chini ya kapo, kile kifuniko cha injini, na kuiunganisha kwa kampira moja kwa moja na karbireta, tangi likiwa limefungwa. Halafu mwenye gari aliendesha kupanda njia ya parokia, akageuka juu na kushuka, akapanda tena, mpaka injini izimike yenyewe. Pale ilipozimikia Fundi aliweka jiwe, akalitia alama za chokaa kuhesabu mizunguko. Kila gari la Kibabi lilikuwa na jiwe lake kwenye ile njia, na sisi wenyewe tuliyajua kama tunavyojua mipaka ya mashamba. Akimaliza kutengeneza alirudia kupima, na jiwe lilisogezwa mbele. Ungeona watu wazima wakitoka misa, badala ya kwenda nyumbani wanasimama njiani kulinganisha mawe! Mimi mwenyewe nilijisifu wiki nzima jiwe langu lilipolipita la mwalimu mkuu.

Nayakumbuka yale mawe kwa uchungu kidogo. Njia ilipanuliwa na tingatinga, yakasukumwa yote kwenye mtaro. Hakuna aliyelia, nami sikulia, lakini kila nikipita pale natazama.

Alikuwa na hasira za karibu. Hakupenda kuambiwa ugonjwa wa gari. Ukifika na kusema karbireta imeharibika, alikupa bisibisi na kukuambia, "Basi tengeneza, Dokta." Alitaka umweleze ulichosikia na ulichoona tu, na maswali yake yalikuwa mengi kuliko ya padri kwenye kitubio. Gari lilianza lini kunywa vile? Asubuhi ao mchana? Wakati wa kupanda ao wa kushuka? Mshale wa joto unasimama wapi ukiwa Masisi, unasimama wapi ukifika msituni? Ulibeba nini? Nani alikaa mbele? Siku moja nilimuuliza anayekaa mbele anahusu nini. Akanijibu kwamba mtu mnene upande mmoja analaza gari, na gari likilala matairi yanaburuta. Nikamwambia ninayekaa naye mbele ni dada yangu, na akirudia kumwita mnene hatakula fromaji yangu tena. Aliomba radhi papo hapo, maana fromaji aliipenda sana.

Alikuwa na msemo wake mmoja, aliurudia kila mwenye gari na dereva walipogombana mbele yake: "Gari haina bongo. Bongo iko kwa dereva." Sisi tulioendesha wenyewe tuliupenda. Tuliona unatufanya werevu.

Alijaa mambo yasiyopatana. Aliimba besi katika kwaya, sauti ya kumtoa mtu machozi, na hakuna mwanakwaya ambaye hakuwahi kununiana naye. Alituhubiria tuendeshe pole pole tusichome esansi bure, na yeye akipanda pikipiki ya mkwe wake bata wote wa kijiji walikimbilia vichakani. Alikuwa mtu wa baridi ajabu. Alivaa sweta mbili na kofia ya sufu hata mwezi wa jua, na kila asubuhi kabla hajagusa chuma alilikumbatia babula lenye makaa mpaka vidole vilegee. Alisema mkono wenye baridi hausikii kitu na unatumia nguvu mara mbili kwa kazi ileile.

Na mtu huyohuyo, kila gari lililofika kwake mara ya kwanza, aliling'oa termostati.

Ni kifaa kidogo, kinajaa kiganjani, kinakaa pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda radiateri. Kinafanya kazi ya mlango. Injini ikiwa baridi kinajifunga, maji yanabaki ndani mpaka yapate moto. Yakishapata moto kinajifungua, maji yanakwenda kupozwa. Fundi alikichukia. Alifungua skrubu mbili, akakitoa, akakitupa kwenye shimo la taka bila kukitazama, akafunga.

"Hii kitu iko ya Bulaya," alituambia. "Kule kuko neige, ile barafu inaanguka juu, injini inaganda. Hapa kwetu neige iko wapi? Hii inabanaka na kupikisha injini yako bure. Tosha!" Kwa lugha yetu kutosha ni kutoa.

Tulikubali. Si sisi tu, mafundi wengi wa huku wanafanya hivyo hata leo, na wenye magari wanawaomba wafanye. Mimi nilisimama pale nikiwa nimejifunga kitenge juu ya koti, pua inanitiririka, ukungu umefunika ng'ombe mlimani tukisikia kengele zao tu, na nikaitikia kwa kichwa kwamba kweli kwetu hakuna baridi.

Sasa nimfikie dereva. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Aliendesha kamioneti ya tajiri mmoja wa viazi na kuitunza kama yake. Hata kiti alikishonea foronya. Siku moja tajiri alimleta kwa Fundi pamoja na gari. Nilikuwepo, nangoja jeep yangu. Tajiri alisema kamioneti inakunywa esansi kupita magari yote, na anataka kujua ni gari ao ni mtu.

Fundi alifanya kazi siku nzima. Simsingizii, aliifanya kwa moyo wote. Alitoa buji, zile plagi za moto, akazisugua, alifungua karbireta akaiosha, alitambaa chini kutafuta panapovuja, aligusa magurudumu yote, akapuliza matairi. Aliweka chupa akaendesha mwenyewe, na jiwe halikusogea sana. Akarudia. Alikasirika kama anavyokasirika mtu aliyepoteza ufunguo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwishowe alifuta mikono, akamtazama tajiri, akasema kwamba yeye amemaliza na gari halina kitu.

Halafu akaongeza ule msemo wake.

Dereva alikuwa amesimama karibu na babula. Alisema neno moja tu. "Papa, mimi siibake esansi."

Fundi akainama kuokota vyombo vyake. Tajiri alinyoosha mkono akapewa ufunguo, na kazi ya yule dereva ikaishia hapo. Nami nitasema lililo kweli ingawa linaniuma kulisema: niliitikia kwa kichwa. Nilifikiri, kumbe hata huyu. Maana madereva wanaonyonya esansi kwenye tangi na kuiuza njiani wapo, tunawajua, na kama Fundi amesema, nani angebisha? Kabla ya jumapili kijiji kilikuwa kimeshampa jina. Walimwita Tiyo, kwa ajili ya ule mpira wa kunyonyea mafuta. Watoto walilisema, kisha wakubwa. Hakuna tajiri aliyempa tena gari. Alijichongea chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, akawa anabebea watu viazi na makaa kushuka sokoni, mwili mkubwa ule umeinama juu ya ule mti. Binti yake aliacha shule kwa sababu ya jina hilo. Siyo kwa kukosa karo, kwa jina. Kanisani walikaa yeye na Fundi, benchi mbili kati yao, na miaka ikapita hawajapeana mkono wa amani.

Ila maisha yaliendelea, na maisha yetu pale karakana yalikuwa matamu, lazima nikiri. Nilifika mapema kusudi nikute chai. Alinifundisha kusikiliza injini nikiwa nimeegemeza sikio kwenye mpini wa jembe, ncha imegusa chuma. Alinifundisha nikifika mtoni, kabla ya kuvuka, nifunike radiateri kwa gunia ili feni isirushe maji juu ya nyaya za buji, na nikishavuka nilitoe. Alinifundisha kutukana gari bila kutenda dhambi. Nikipita Kibabi leo na kukuta pale pamejengwa duka la simu, moyo wangu unashuka, na sioni haya kusema hivyo.

Na jeep yangu, miaka yote ile, ilikuwa inakunywa. Milimani mshale wa joto ulilala chini kabisa kama umekufa. Nikishuka msituni na kuanza kupanda vilima vya tope vya kule Walikale, mshale huohuo ulipanda ghafla mpaka kwenye rangi nyekundu, nikawa nasimama kila mara kuipumzisha. Fundi alijaribu yote niliyoyaeleza. Jiwe langu lilikuwa limeanza kurudi nyuma mwaka kwa mwaka. "Iko muzee, Mama Fromaji," aliniambia kwa upole. "Hata sisi tukizeeka tunakula mingi na tunatumika kidogo." Nikakubali uzee wa gari kama nilivyokubali wa kwangu.

Kisha ukaja wakati ule wa watu kuhama na kurudi na kuhama tena. Mke wake alikuwa ameshafariki. Ugonjwa wa sukari ulimkamata Fundi mguu, na binti yake akamchukua kukaa naye Kalembe, kule mashamba ya milima yanapokutana na msitu. Karakana ikafungwa. Njia zilipofunguka nilikuwa nampelekea fromaji kila nikipita. Alikaa mbele ya nyumba, kofia ya sufu kichwani, akisikiliza magari yanayopita na kumweleza binti yake kila moja linaumwa nini.

Mwaka jana nilikuwa narudi kutoka msituni, mvua kubwa. Nilifika mtoni, nikafunika radiateri kwa gunia, nikavuka. Upande wa pili askari wa barrière, wale wa kizuizi cha njia, walikuwa wanapiga kelele nisogee upesi. Nikasogea, nikasahau gunia. Nilipanda milima yote na gunia mbele, ukungu, baridi ya kuuma meno, sina habari. Katikati ya njia niliona mshale wa joto umesimama katikati. Katikati kabisa, umetulia. Sikuwahi kuuona pale tangu nishike usukani. Injini ilikuwa inasikika laini, kama imemeza asali. Nilipofika nyumbani nilichovya kijiti kwenye tangi kupima, nikachovya tena, nikamwita mume wangu aje aone. Esansi iliyobaki ilikuwa ya kunirudisha nilikotoka. Ndipo nikaliona gunia.

Safari iliyofuata niliketi na Fundi Kalembe nikamsimulia kama kichekesho. Nilitaka acheke. Hakucheka. Aliniuliza kama zamani.

"Gunia ilifunika radiateri yote ao nusu?"

"Yote, Papa."

"Na mushale ilisimama katikati, haikuendelea kupanda?"

"Haikupanda. Baridi ilikuwa mingi."

"Esansi ilibakia ngapi?"

Nikamwonyesha kwa vidole urefu wa kijiti. Alitazama zile nafasi kati ya vidole vyangu muda mrefu. Binti yake alileta chai, haikunywewa. Nikaona midomo inacheza kidogo kama wakati ule wa kuhesabu, ingawa hakuwa ameshika bomba lolote.

"Ilikuwa inasikia baridi," alisema mwishowe. "Miaka yote. Injini ikisikia baridi inaomba esansi mingi juu ijipashe moto. Karbireta inaipatia. Inaomba tena. Weye umeivalisha gunia, imenyamaza." Akatazama viganja vyake. "Mulango ya maji, Mama Fromaji. Ni mulango ya maji ilikosekana, ile termostati. Ni mie nilitosha."

Nikamkumbusha kwamba msituni ilikuwa inachemka, kwa hiyo haiwezi kuwa hiyo. Nilikuwa natafuta namna ya kumtetea. Alinieleza pole pole, akichora kwa fimbo mavumbini: termostati ikiwepo na ikifunguka, inafunga kile kinjia kidogo kinachorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, kinjia kinabaki wazi, na maji ya moto mengine yanarudi yalikotoka bila kupita kwenye radiateri. Milimani unakosa joto, kwenye vilima vya msitu unakosa baridi. Kosa moja, magonjwa mawili. Nilimwona jinsi akili yake ilivyofurahi kuipata njia, kwa nukta moja tu, kisha uso ukaanguka.

Ndipo aliponiambia lililomfanya akichukie kile kifaa. Alipokuwa kijana alikuwa msaidizi kwenye lori lililopita njia ya msitu, upande wa Bisie. Walimpakia mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa. Kwenye kilima termostati ilikwama imefungwa, injini ikapikwa ikafa. Walimbeba yule mama kwa tipoyi, machela ya miti, mchana kutwa, yeye akiwa bega la mbele kushoto. Mama hakufika hai. "Niliapa hakuna gari ya kwangu itafunga maji tena," alisema. "Sikuuliza kama kuko dawa ingine ya ile ugonjwa. Ningebadirisha tu, iwe mupya. Nilitosha."

Nilimshika mkono. Nikamwambia jambo nililoona ni la hekima: kwamba nitatafuta termostati Goma, nifunge yangu, halafu niwaambie wengine kwamba Fundi amepata dawa mpya. Wote watafunga, esansi itapungua, na jina lake litabaki safi.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia karbireta imeharibika.

"Nikisema ni dawa mupya, batanipa aksanti. Aksanti ya kosa yangu? Na Tiyo?" Alijikata mwenyewe, akasema jina la kweli la yule dereva, jina la ubatizo, ambalo sikuwa nimelisikia miaka mingi. "Ile kamioneti nilitosha mie mwenyewe, wiki ile ile ilinunuliwa. Nilitafuta mwizi kwa gari yote, na mwizi ilikuwa mukono yangu."

Nilikuwa nakumbuka jinsi nilivyoitikia kwa kichwa.

Alitaka nimpeleke Kibabi kwa yule dereva, na binti yake akakataa. Mguu ulikuwa na kidonda, daktari alikataza safari, na njia ya Kibabi haina huruma hata kwa mzima. Walibishana siku ile, na niliporudi tena na termostati imeshafungwa kwenye jeep, walikuwa bado wanabishana. Hata hivyo Fundi alipanda, akaketi mbele pembeni yangu akiwa amenyoosha mguu juu ya mto, amevaa shati la kwaya. Njia nzima hakuzungumza ila kuuliza mshale uko wapi. "Katikati, Papa." Baada ya kilima: "Na sasa?" "Katikati." Mara moja niliona anajifuta macho, nikageuza uso kwenye njia.

Tulifika siku ya soko. Watu walimtambua mara moja, wakaja kumsalimia, madereva wote, wakimwita Papa, wakimuuliza lini anafungua tena karakana. Mwingine alikuwa ameshafungua kapo. Yule tajiri wa viazi naye alikuwepo. Ningekuwa mimi, pale ndipo ningegeuza gari. Mtu mzee ambaye amebakiwa na jina tu, analileta mwenyewe sokoni kulivunja. Fundi aliegemea mlango wa jeep, akaomba tu aonyeshwe yule dereva yuko wapi.

Alikuwa anashuka na chukudu, magunia matatu ya viazi, mguu wake mmoja unafunga breki chini. Alipomwona Fundi alisimama. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Hakusalimu.

Fundi alimwita kwa jina la ubatizo. Watu waliokuwa karibu wakageuka kutafuta ni nani anayeitwa hivyo.

"Haukuiba," Fundi alisema. "Kamioneti ilikuwa inakunywa yenyewe. Ni mie niliiharibisha, nilitosha termostati, na sikujua. Nilisema weye ni muongo na mwizi mbele ya bantu. Leo nakuya kusema mbele ya bantu: nilikosa. Haukuiba hata tone."

Soko lilinyamaza pale karibu, na kule mbali bado watu walikuwa wanapatana bei za chumvi. Tajiri alitazama viatu vyake. Dereva alimtazama Fundi, mikono bado kwenye usukani wa mti. Nilifikiri atamtukana, na nilijiambia kwamba akimtukana sitasema kitu, ni haki yake.

"Ngoja," alisema.

Alilaza chukudu chini na magunia yake, akapenya katikati ya watu akaenda. Tukabaki tumesimama. Mmoja alinong'ona kwamba amekwenda kutafuta fimbo. Fundi alisikia, hakusogea, mguu unatetemeka.

Alirudi amemshika mkono mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa ni yule binti aliyeacha shule. Alimsimamisha mbele ya Fundi, karibu sana, kama wanavyowasimamisha wanaopiga picha.

"Rudilia, Papa," alisema dereva. "Sema tena. Huyu asikie."

Fundi akasema tena, yote, tangu mwanzo, kwa ile sauti ya besi, polepole, na safari hii walisikia mpaka kwa wauza chumvi. Binti alisikiliza akimtazama babaye, siyo Fundi. Alipomaliza, binti alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Dereva alichomoa gunia moja la viazi kwenye chukudu, akalivuta mpaka miguuni pa Fundi na kulipigapiga lipate usawa.

"Sasa ikala hapa, Papa," alimwambia. "Muguu inakuumiza."

Fundi aliketi juu ya lile gunia, akalia mbele ya soko zima, na yule dereva alisimama karibu yake mpaka alipomaliza.